Kabla ya Kununua Stata, Inama Uangalie Klachi

Kama umewahi kukaa ndani ya gari saa kumi na moja alfajiri, mzigo uko nyuma, mteja anapiga simu ya tatu, na ukizungusha ufunguo hakuna kitu, hata "tik" moja, basi wewe ni mwenzangu. Siongelei ile ya betri kuisha, ambapo gari hukohoa kidogo kabla ya kukata tamaa. Hii ni kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba, honi inalia mpaka mbwa wa jirani wanaamka, lakini injini haina habari na wewe.

Hiyo ndiyo hali tuliyoishi nayo karibu wiki mbili hapa Sagana na Probox ya mjomba wangu. Ni Probox ya gia za mkono, ya kubeba nyanya na vitunguu kutoka soko la Kagio na kurudi na chochote kitakacholipa mafuta. Najua gari la mjomba halikuhusu. Lakini nataka nikusimulie kwa sababu naamini sisi wateja tunawalipa mafundi vibaya. Sisemi tunawalipa kidogo, hilo ni jambo lingine. Nasema tunalipia kitu ambacho si chenyewe, na kosa hilo linaweza kuua mtu. Kwetu lilibakisha hatua moja.

Siku ya kwanza tulisukuma. Vijana wanne wa boda walitusaidia, gari likateremka kidogo, mjomba akaachilia klachi, ikawaka papo hapo. Akacheka. "Ni betri tu hiyo." Betri ikapelekwa kupimwa, ikaonekana iko nzima kabisa. Kwa hivyo tukafanya kile familia nyingi hufanya: tukaanza kuliegesha gari kwenye mteremko kila jioni na kuomba Mungu.

Fundi wa pili alisema ni stata. Aliifungua, akaigonga kidogo kwa nyundo, akatingisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Stata ya mitumba kutoka Japani ilikuwa Sh7,500, kazi yake Sh1,500. Jioni ile gari likawaka vizuri mara tatu mfululizo, tukamsifu, mjomba akamnunulia soda. Asubuhi iliyofuata, kimya kilekile.

Hapo nikupe ushauri ambao mimi nimejifunza kwa pesa ya mtu mwingine. Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndio unaowalisha mafundi wa kubahatisha. Gari likikataa asubuhi na kukubali jioni, yeyote aliyeligusa mchana atadhani ni yeye aliyelitibu. Hata mwenyewe ataamini, wala si kwamba anadanganya.

Wa tatu alikuwa kijana wa rika letu, smati, na kile kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ambacho huongea na simu kwa Bluetooth. Alichomeka, akasoma, akasema: "Hakuna kodi hata moja. Gari yako iko fiti." (Kodi hizi si za KRA, usishtuke. Ni namba za makosa ambazo kompyuta ya gari huandika ikiona kitu hakiko sawa.) Akachukua Sh1,000 yake na kutuacha na gari fiti ambalo haliwaki.

Wa nne ndiye aliyetutia hatarini. Aliingiza kichwa chini ya dashibodi, akavuta waya mbili, akazichuna, akaziunganisha, akafunga tepu nyeusi. Akazungusha ufunguo. Vruum! "Nimepiga dairekti," akasema. "Sasa hata bila kukanyaga klachi inawaka." Alisema hivyo kama mtu anayekupa zawadi ya ziada. Mjomba akalipa Sh1,000 na kusema huyu sasa ndiye fundi.

Jumamosi hiyo tulikuwa Kagio. Mjomba aliacha gari kwenye gia ya kwanza, kama anavyofanya kila dereva ambaye breki yake ya mkono imezeeka. Binamu yangu wa miaka 14 alikuwa amesimama nje, akaingiza mkono dirishani azungushe ufunguo asikize redio. Akazungusha ukapita. Gari likaruka mbele, injini ikashika kidogo, likasaga kreti mbili za nyanya na kugonga nguzo ya kibanda, likazima. Mama mwenye nyanya alikuwa ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa, mbele kabisa ya gari. Alikuwa ameinuka sekunde chache tu kumpa mteja chenji. Hiyo kreti aliyokalia ilibaki vijiti.

Nimeiota hiyo picha mara kadhaa. Soko lilinyamaza kwanza, halafu likalipuka kwa kelele, na mtoto wa watu bado ana mkono dirishani hajui amefanya nini. Hakuwa amefanya kosa. Gari lilikuwa limeundwa lisikubali kufanya hivyo, na sisi tulikuwa tumelipa elfu moja ili likubali.

Sasa nikueleze hicho kitu ni nini, kwa sababu hata mimi sikuwa nakijua.

Juu ya pedali ya klachi, ndani kule gizani ambako hakuna mtu huangalia, kuna swichi ndogo yenye kitufe cha kubonyezwa. Magari mengi ya gia za mkono yana mbili. Moja hubonyezwa pedali ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Hiyo ndiyo hupitisha umeme wa kuamsha stata. Usipokanyaga klachi, umeme haupiti, stata hailii, na gari lililoachwa kwenye gia haliwezi kuruka. Japani ilifanya mpango huu kuwa lazima kwa magari mapya ya gia za mkono mwaka 1999, na ndiyo maana karibu kila gari la gia za mkono tunaloagiza kutoka huko linao. Sheria yetu hairuhusu mtumba uliozidi miaka 8 kuingia nchini, na hata Probox iliyochoka namna gani hapa Mlima Kenya, ilizaliwa baada ya mpango huo wa Japani.

Swichi ya pili iko upande wa juu, mahali pedali hupumzikia. Hiyo huiambia kompyuta "dereva ameanza kugusa klachi". Kompyuta ikisikia hivyo hupunguza mafuta kwa muda ili injini isingurume ukibadilisha gia, na kama gari lina mfumo wa kushikilia mwendo barabarani, huukata. Hii ikiharibika gari linaweza kuwaka kama kawaida, lakini utaona vituko vingine: injini inabaki ikinguruma ukitoa mguu kwenye mafuta, gari linashtuka ukibadilisha gia, ule mfumo wa kushikilia mwendo unakataa kabisa. Kwenye magari mengine ya Ulaya, Volkswagen kwa mfano, hakuna kitufe. Kuna sensa ya sumaku iliyobandikwa kwenye masta ya klachi, inayosoma pistoni inavyosogea. Ni teknolojia nyingine lakini swali linaloulizwa ni lilelile: mguu uko chini au uko juu?

Na matatu za zamani sana? Nyingi hazikuwa na kitu hiki. Ndiyo maana unaweza kukutana na fundi wa miaka thelathini kazini akakuapia kwamba klachi haina uhusiano wowote na stata. Hakudanganyi. Amejifunza kwa gari lingine.

Turudi kwa yule kijana wa simu, kwa sababu nimemsema na inabidi nimtetee pia. Kidude chake hakikuwa na makosa. Tundu lile la pini 16 chini ya usukani lilianza kulazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata 2001 kwa magari ya petroli. Ni kitu kizuri. Lakini kompyuta huandika kosa pale tu inapoona jambo lisilowezekana. Swichi ya klachi ikikatika mahali, kompyuta inaona nini? Inaona dereva ambaye hajakanyaga klachi. Hilo ni jambo la kawaida kabisa! Itaandika nini sasa? Kuna kodi maalum ya hitilafu ya swichi ya klachi, P0704, na kwenye magari mengine huandikwa kweli, hasa pale kompyuta inapoona gia zinabadilishwa mara kumi na klachi "haijaguswa" hata mara moja. Lakini kukosa kodi si cheti cha afya. Kijana yule angefungua ukurasa wa data ya moja kwa moja, kama gari linairuhusu, angeniambia nikanyage klachi na kuangalia kama simu inabadilika kutoka "hapana" kwenda "ndiyo". Dakika moja tu hiyo. Alisoma jibu kabla ya kuuliza swali.

Aliyeuliza swali alikuwa mzee mmoja wa umeme wa magari, ambaye hufanya kazi nyuma ya maduka hapa Sagana, karibu na pale barabara zinapoachana, Karatina na Nyeri huku, Kagio na Kerugoya kule. Tangu barabara ya Kenol–Sagana–Marua ipanuliwe magari yanapita hapo kama yanafukuzwa, na yeye ameketi na redio yake ndogo. Hana simu ya maana. Ana mita ya umeme yenye kioo kilichopasuka.

Hakufungua boneti. Alianza kumhoji mjomba kama askari.

"Ikikataa, taa zinafifia?"

"Hapana mzee, zinawaka vizuri."

"Inalia tik?"

"Hata tik haiko."

"Mkisukuma?"

"Inawaka saa hiyo hiyo."

"Ilianza mara moja ama ilikuwa inakuja ikienda?"

"Inakuja ikienda. Halafu ikakataa kabisa."

Akanigeukia. "Wewe kijana, kuna takataka yoyote ya plastiki umeona kwa kapeti ya dereva?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimeona vipande vidogo vya rangi ya kahawia, kama maganda ya njugu. Nilidhani ni maganda ya njugu. Tulipeleka gari kuoshwa kabla ya Kagio na kijana wa kuosha akavifagia vyote.

"Basi hiyo ndiyo ilikuwa gari yenu," mzee akasema, "mkaitupa."

Kwenye mkono wa pedali kuna tundu, na ndani ya tundu hilo hukaa kizibo kidogo cha plastiki kama kitufe cha shati. Kizibo hicho ndicho hubonyeza swichi. Baada ya miaka ya joto na vumbi plastiki hukauka, hupasuka, huanguka vipande vipande kwenye kapeti. Swichi yenyewe ilikuwa nzima! Ila kilichobaki cha kuibonyeza ni tundu, na kitufe chake kiliingia ndani ya tundu hilo bila kuguswa. Siku zile kizibo kilipokuwa kimepasuka tu, mara kilibonyeza, mara hakibonyezi. Ndiyo ile jioni ya stata mpya na soda.

Niangalie vizuri alichofanya yule mzee, kwa sababu ndicho ninachokipigia debe hapa. Majibu manne ya mjomba yalikuwa yamemwondolea robo tatu ya gari. Taa hazififii na hakuna mlio, basi betri na nyaya zake hazina shida, maana betri dhaifu hulia tik-tik-tik na taa zinalegea. Ikisukumwa inawaka, basi mafuta yako, cheche ziko, injini iko. Hata "tik" haipo, basi umeme haufiki kwenye stata kabisa, kwa hivyo hakuna sababu ya kuilaumu stata ambayo haijaitwa kazini. Kilichobaki ni njia fupi kati ya ufunguo na stata: fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo yenyewe, na swichi ya klachi. Katika hao wanne, mmoja tu ndiye anayepigwa teke mara mia kila siku.

Hata wewe unaweza kufika hapo bila kuwa fundi. Weka gari frii, vuta breki ya mkono, toa kapeti (kuna kapeti nene za kununua barabarani ambazo huzuia pedali kufika chini, na zimetesa watu bure), washa tochi ya simu, inama, tazama juu. Mwambie mtu akanyage klachi polepole. Utaona mahali chuma kinakutana na kitufe. Kama kitufe hakiingii, au kinaingia kwenye tundu, umepata. Kama kinaingia vizuri, chomoa plagi ya swichi, weka mita kwenye kupima njia ya umeme, gusa pini mbili, bonyeza kitufe kwa kidole. Inafaa ibadilike: njia iko, njia haiko. Isipobadilika, swichi imekufa. Ikibadilika, angalia nati inayoishikilia, maana wakati mwingine imelegea tu na swichi imerudi nyuma milimita mbili. Ikiwa hapo pote ni sawa, ndipo uende kwenye rilei na fyuzi. Stata ni ya mwisho.

Kuunganisha waya mbili za plagi kwa sekunde chache, gari likiwa frii, ni kipimo halali pia. Mafundi wazuri hufanya hivyo kuthibitisha. Lakini ni kipimo. Daktari akikuchoma sindano ya kutoa damu ya kupima, hakuachi na sindano mkononi urudi nayo nyumbani.

Na usidhani umepona kwa sababu unaendesha Vitz ama Demio ya otomatiki. Kizibo ndugu ya hicho kiko kwenye pedali ya breki. Kikianguka, taa za breki hubaki zinawaka usiku kucha, asubuhi betri imekufa, na wewe unakimbia kununua betri mpya. Nayo itakufa wiki ijayo. Pikipiki nyingine nazo zina swichi kwenye stendi ya pembeni, injini izime ukisahau stendi iko chini. Ulizia stejini kwenu ni ngapi zimepigwa dairekti.

Sasa turudi kwa pesa. Mzee alikata tepu, akarudisha waya kama zilivyokuwa, akatafuta boliti fupi yenye kichwa kipana, akaipitisha kwenye tundu la pedali, akaifunga kwa nati upande wa pili. Dakika 25. Akaomba Sh300. Mjomba akampa 500 na mzee akarudisha 200. Kwa upande mwingine tulikuwa tumeshatumia stata 7,500, kazi 1,500, kusoma kodi 1,000, dairekti 1,000, na kumlipa mama wa nyanya 4,000, ambazo kusema kweli hazitoshi kwa alichoponea. Jumla Sh15,000. Yule aliyejua kilichoharibika ndiye alipata kidogo kuliko wote.

Na hapo ndipo lawama inanirudia mimi na wewe. Ukienda kwa fundi akakaa nusu saa anauliza maswali na kupima, kisha akakuambia "ni kizibo cha shilingi hamsini", utamlipa ngapi? Sema ukweli. Utasema, "Si umefunga boliti tu?" Lakini akitoa kitu kikubwa, chenye mafuta, akakionyesha na kusema kimeungua, utatoa elfu tisa bila kunung'unika. Sisi hulipia uzito. Fundi si mjinga. Ameona kinacholipwa, naye anauza hicho. Tumewafundisha wenyewe kubadilisha badala ya kupima, halafu tunawaita wezi.

Ndiyo maana napendekeza kitu kitakachowaudhi wengi: lipia kupima kivyake. Kabla fundi hajashika spana, kubalianeni bei ya kutafuta ugonjwa, na ulipe hata kama ugonjwa ni mdogo, hasa kama ni mdogo. Nawe udai kitu kimoja: akuonyeshe. Si lazima uelewe umeme. Mwambie, "Nionyeshe kimeharibika vipi, na nionyeshe umejuaje." Mwenye kujua hufurahi kuulizwa hivyo. Yule wa kubahatisha atakuambia kwamba gari lako lina mambo mengi.

Na wewe ambaye uko gereji unajifunza, ukiosha spea kwa petroli na kutumwa chai, nina neno. Wengi wenu mna ujuzi lakini hamna karatasi. Mitihani ya NITA iko, na sasa kuna mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, kwa hivyo karatasi haihitaji kukaa darasani miaka mitatu. Ifuatilie. Lakini kabla ya karatasi, nunua mita. Usinunue kwanza kile kidude cha Bluetooth, hicho kitakuja. Mita ya bei ya chini pamoja na uvumilivu wa kuuliza maswali manne itakutofautisha na gereji nzima. Magari yanayokuja yana sensa nyingi zaidi, si chache, na kila sensa ni mlango wa mtu kuuziwa kitu asichohitaji.

Najua mtakaonijibu. Mtasema: wewe ni wa kuandika tu, sisi tuna mzigo. Gari limekufa saa kumi usiku, nyanya zinaoza, spea iko Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaiita Grogan. (Ajabu yetu sisi wa Kaunti ya Kirinyaga: spea zetu ziko Kirinyaga, lakini ile ya Nairobi.) Fundi afanye nini kama si dairekti? Nakubali. Ningekuwa mimi, ningemwambia apige. Kosa langu na yule fundi wa nne si kwamba aliunganisha waya. Ni kwamba aliunganisha akafunga na tepu, akasema ni zawadi, akaondoka. Hakusema, "Mzee, kuanzia sasa gari hili likiwa kwenye gia linaweza kuruka ukigusa ufunguo. Waambie wote nyumbani. Na urudi Jumatatu niliondoe." Maneno hayo hayana gharama. Angeandika hata kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kando ya ufunguo.

Kama gari lenu nyumbani ni la gia za mkono, jaribu leo. Mahali wazi, hakuna mtu mbele wala nyuma, breki ya mkono juu, gia ikiwa frii. Usikanyage klachi. Zungusha ufunguo. Kama limeundwa na swichi hii na stata inalia, kuna mtu aliwahi kupiga dairekti na hakuwaambia, pengine hata kabla hamjalinunua.

Yetu hailii. Mjomba alituma mtu Nairobi akaleta kizibo cha plastiki chenyewe, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kiko kwenye kabati ya dashibodi ndani ya karatasi, kwa sababu kila nikimwambia tukiweke anasema boliti ya mzee bado iko sawa. Jumapili nitatoa kapeti niingie chini mwenyewe. Binamu yangu ameomba kushika tochi.